Kukausha Gari Lililooshwa Bila Kuacha Madoa ya Maji
Mwongozo kwa wenye pikapu na malori madogo

Gari lililooshwa na kuachwa likaukie juani hupendeza kwa muda mfupi tu. Haipiti saa moja, hasa likiwa na rangi nyeusi, bluu iliyokolea au nyekundu, kabla boneti haijatapakaa viduara vyeupe mfano wa tui lililorukia sufuria. Mwenyewe hudhani kwamba halikuoshwa vyema. Hurudi na ndoo na sabuni, akasugua, na viduara vikabaki palepale. Mwingine huchukua dodoki la chuma au msasa laini. Huyo viduara humwondokea, lakini huondoka pamoja na mng'ao wa rangi, na mng'ao huo haurudi ila kwa gharama ya fundi.

Katika sura hii tunaeleza madoa hayo ni kitu gani, namna ya kuyazuia wakati wa kukausha, na jambo la kufanya iwapo yamekwisha kujitokeza. Tumewakusudia zaidi wenye pikapu na malori madogo. Magari hayo yana sehemu nyingi zinazohifadhi maji kuliko gari dogo la abiria. Tena, kwa walaji wengi, pikapu ndiyo mtaji: hubeba mazao, saruji na vifaa vya kazi, na siku ya kuuzwa mnunuzi huitazama rangi kabla hajafungua boneti. Rangi iliyochubuliwa kwa kutojua hupunguza bei ya gari ambalo injini yake ingali nzima.

Madoa hutoka wapi

Maji ya bomba, ya kisima na ya mto si maji matupu. Yanapopita katika miamba na udongo huyeyusha madini na kuyachukua, hasa kalisi na magnesi, na katika baadhi ya maeneo chumvi ya kawaida. Madini hayo hayaonekani kwa macho maadamu yameyeyuka. Tone linapokauka juu ya gari, maji hupaa angani na madini hubaki. Kwa kuwa tone hukauka kutoka ukingoni kuelekea katikati, madini mengi hujikusanya pembeni, ndiyo maana doa huwa na umbo la pete.

Mlaji anayetaka kuona jambo hili kwa wazi na atazame ndani ya birika la kuchemshia maji. Ukoko mweupe unaogandia chini ni madini hayohayo. Tofauti ni kwamba katika birika hujikusanya kwa miezi, na juu ya boneti yenye joto hugandia kwa dakika chache.

Tukadirie kwa hesabu. Iwapo kila lita ya maji yako ina miligramu 300 za madini yaliyoyeyuka, na lita moja ya maji hayo ikaukie juu ya bodi, basi utakuwa umeacha karibu theluthi moja ya gramu ya unga mweupe uliotawanyika katika mamia ya vidoa. Ukiosha gari kila wiki bila kulikausha, unga huo hupakwa tabaka juu ya tabaka.

Doa jipya limekaa juu ya rangi tu, na huondolewa kwa urahisi. Doa lililoachwa kwa wiki kadhaa chini ya jua kali ni jambo jingine. Bodi yenye rangi iliyokolea ikikaa juani mchana hupata joto la nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, na katika joto hilo madini huanza kula tabaka la juu linaloipa rangi mng'ao, ambalo mafundi rangi huliita klia. Tabaka hilo ni jembamba mno: katika magari mengi unene wake ni takriban sehemu 40 hadi 50 za elfu moja ya milimita, yaani chini ya unene wa unywele wa kichwa wa kawaida. Doa likishalila, hubaki kishimo kidogo ambacho hakuna sabuni ya kukiosha.

Pima maji yako kwanza

Si maji yote yanayoacha madoa kwa kiwango kimoja. Maji ya mvua yana madini kidogo sana. Maji ya Ziwa Victoria nayo ni laini. Maji ya visima virefu aghalabu ni magumu, na wakazi wa Dodoma, mji ambao kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, wanajua vyema namna sabuni inavyokataa kutoa povu na namna vyombo vinavyobaki na utando mweupe. Katika ukanda wa pwani, visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hiyo huleta doa na tena huharakisha kutu.

Kuna majaribio mawili ambayo mlaji anaweza kuyafanya nyumbani bila gharama.

La kwanza ni la kioo. Dondosha matone machache ya maji unayotumia juu ya kioo kisafi, na matone mengine ya maji ya mvua pembeni yake. Yaache yakauke. Pete nyeupe ikionekana kwenye matone ya kwanza na isionekane kwenye ya pili, umepata jibu.

La pili ni la sabuni. Jaza nusu chupa maji, tia vipande vichache vya sabuni ya mche, funga na utikise. Maji laini hutoa povu jingi linalodumu. Maji magumu hutoa povu haba, na maji yenyewe huwa meupe kama yaliyochanganywa na maziwa. Jaribio hili lisifanywe kwa sabuni ya unga, kwa kuwa sabuni nyingi za unga hutiwa viambato vya kuzifanya zitoe povu hata katika maji magumu.

Wataalamu wa maji huyahesabu maji kuwa magumu yakiwa na zaidi ya miligramu 120 za madini ya ugumu katika lita, na magumu sana yakizidi miligramu 180. Maji magumu hayadhuru kwa kuoshea gari, lakini mwenye maji hayo hana ruhusa ya kuacha gari lijikaukie lenyewe.

Maandalizi yanayorahisisha ukaushaji

Nusu ya kazi ya kukausha hufanyika kabla kitambaa hakijashikwa. Tunashauri mambo matano.

1. Chagua wakati. Osha kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mwenye kulazimika kuosha mchana na atafute kivuli cha jengo. Kivuli cha mti si kibaya, ila majani, utomvu na ndege huweza kuharibu kazi.

2. Acha bodi ipoe. Gari lililotoka safarini lina boneti ya moto hata likiwa kivulini. Weka kiganja juu ya boneti: iwapo huwezi kukiacha hapo kwa raha, subiri. Maji yanayomwagwa juu ya bati la moto hukauka kabla hujageuka kuchukua ndoo ya pili.

3. Osha kwa sehemu. Lori dogo ni refu, na haiwezekani kulipaka sabuni lote kisha kulisuuza lote bila sehemu moja kukauka. Osha paa na kulisuuza, kisha ubavu mmoja, kisha wa pili. Endelea kulowesha sehemu zilizokwisha kuoshwa ili zisikauke kabla ya zamu yake.

4. Suuza mara ya mwisho kwa maji yanayotiririka. Ondoa kichwa cha kunyunyizia kwenye mpira wa maji, punguza kasi, na uache maji yamwagike taratibu kuanzia juu ya paa kwenda chini. Maji ya kunyunyiza huacha maelfu ya matone, ilhali maji yanayotiririka hushikamana na kuteremka kama shuka, yakayachukua matone mengine njiani. Anayefanya hivi hukuta karibu maji yote yameondoka kabla hajaanza kufuta.

5. Mwenye maji magumu na atumie maji ya mvua kwa suuzo hili la mwisho. Lita 10 hadi 20 zilizokingwa kwenye bati na kumiminwa kwa keni ya kumwagilia bustani zatosha kwa pikapu moja. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yasitumike, kwa kuwa huwa yameosha vumbi la paa. Yaache yapite, ukinge yanayofuata.

Hapa tuna tahadhari moja nzito. Wapo wanaoshauriana kutumia maji ya betri kwa suuzo la mwisho, kwa sababu hayana madini. Wazo hilo ni sahihi kwa nadharia, lakini katika maduka mengi maji safi ya kuongezea betri na asidi ya betri huwekwa katika chupa zinazofanana, na wauzaji wengine huviita vyote viwili kwa jina moja. Asidi hiyo huunguza ngozi, macho na rangi ya gari. Usimimine kitu chochote cha dukani juu ya gari lako kabla ya kusoma lebo na kuielewa, na chupa isiyo na lebo isitumike kabisa.

Kitambaa kinachofaa

Nguo kuukuu, fulana iliyochakaa na taulo la kuogea ndivyo vitambaa vinavyotumika zaidi, na ndivyo vinavyoharibu rangi zaidi. Vifungo, zipu, mishono migumu na chembe za mchanga zilizonasa ndani yake huchora mistari myembamba juu ya tabaka la mng'ao. Mistari hiyo haionekani kivulini, lakini jua likipiga huonekana kama utando wa buibui.

Kinachofaa zaidi ni kitambaa cha maikrofaiba. Kitambaa hiki hufumwa kwa nyuzi nyembamba sana za poliesta na poliamidi, na nafasi nyingi zilizo kati ya nyuzi hizo hunyonya maji mengi na kuinua chembe ndogo badala ya kuziburuta. Kwa kukaushia, chagua kilicho kinene, chenye uzito wa takriban gramu 400 au zaidi kwa kila mita ya mraba.

Lebo nyingi hutaja uzito huo, na mlaji ana njia ya kuuhakiki. Kitambaa cha sentimita 60 kwa 40 kina eneo la mita ya mraba 0.24. Iwapo kweli ni cha gramu 400 kwa mita ya mraba, basi kikiwa kikavu kitakuwa na uzito wa karibu gramu 96. Mwombe muuzaji akiweke kwenye mizani. Kikionyesha gramu 50, basi umeuziwa maneno. Vilevile kipitishe juu ya kiganja kikavu: maikrofaiba hunasanasa kidogo kwenye ngozi, na tone la maji likidondoshwa juu yake huzama mara moja badala ya kuteleza.

Kile kitambaa laini kama sponji, kinachouzwa barabarani ndani ya kopo refu la plastiki, kinafaa pia, kwa masharti. Ni lazima kiloweshwe na kukamuliwa kabla ya kutumika, maana kikiwa kikavu huwa kigumu kama ubao. Tena hakina mahali pa kuficha mchanga, hivyo chembe yoyote inayokutana nacho huburutwa juu ya rangi. Kisuuzwe mara kwa mara na kitumike tu juu ya bodi iliyooshwa ikatakata.

Pikapu moja huhitaji angalau vitambaa vitatu: kimoja kikubwa cha bodi, kimoja cha vioo, na kimoja kidogo cha magurudumu na sehemu za chini. Cha magurudumu kisiguse rangi kamwe. Kitambaa chochote kilichoanguka chini kiwekwe kando hadi kifuliwe, hata kama kinaonekana kisafi.

Kufua nako kuna kanuni zake. Maikrofaiba zifuliwe peke yake, kwa sabuni ya maji kidogo, zianikwe kivulini penye upepo. Zisitiwe dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa huziba nyuzi na kitambaa hakinyonyi tena, wala zisipigwe pasi.

Hatua za kukausha

Hatua ya 1. Anza juu. Kausha paa, kisha vioo, kisha boneti, kisha pande, na umalizie na sehemu za chini. Maji hushuka, na anayeanza chini hukausha mara mbili. Boneti na paa zisicheleweshwe, kwa kuwa ni bapa, maji hutuama juu yake, na jua huzipiga moja kwa moja.

Kwa lori dogo lenye kichwa kirefu, tumia ngazi imara inayokaa juu ya ardhi kavu, na awepo mtu wa kuishikilia. Usipande juu ya bampa, tairi au boneti iliyolowa. Doa la maji si sababu ya mtu kuvunjika mguu.

Hatua ya 2. Tandaza, usisugue. Tandaza kitambaa kikubwa juu ya sehemu iliyolowa, kibonyeze kidogo kwa kiganja, kisha kivute taratibu kwa mstari ulionyooka kuelekea kwako, au kiinue. Kitambaa kizuri hufanya kazi ya kunyonya chenyewe. Kusugua kwa duara kwa nguvu hakuongezi ukavu, huongeza michubuko tu.

Hatua ya 3. Geuza na ukamue. Kikunje kitambaa mara nne ili upate nyuso nane za kutumia. Uso mmoja ukijaa maji, geuza mwingine. Nyuso zote zikijaa, kamua mbali na gari. Kitambaa kilichojaa maji hakikaushi, huhamisha tu matone kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Hatua ya 4. Pita mara ya pili. Kwa kitambaa kikavu, pita tena sehemu zote ukiondoa unyevunyevu uliobaki. Unyevu huo mwembamba ndio unaoacha utando wa moshimoshi, hasa juu ya vioo.

Hatua ya 5. Fuata maji yaliyojificha. Fungua na ufunge kila mlango, boneti na mlango wa nyuma. Maji yatachuruzika kutoka kwenye mpira wa milango, vitasa, vioo vya pembeni, taa, kibao cha namba na kifuniko cha tangi la mafuta. Yafute. Mistari mirefu myeupe inayoonekana chini ya vioo vya pembeni siku ya pili hutokana na maji haya.

Mwenye kituo chenye kompresa anaweza kupuliza sehemu hizi kwa hewa, na matokeo yake ni mazuri, kwa kuwa hewa haichubui. Kichwa cha kupulizia kiwekwe umbali wa shubiri moja au zaidi kutoka kwenye rangi, kisielekezwe kwenye mapezi ya rejeta kwa karibu, na kisielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha. Hewa ya kompresa hurusha chembe machoni, na huweza kujeruhi vibaya ikiingia mwilini kupitia jeraha.

Sehemu zinazosahaulika

Sehemu ya mizigo ya pikapu ndiyo ghala la maji. Shusha mlango wa nyuma, egesha gari mahali penye mteremko mdogo, na uhakikishe kwamba matundu ya kutolea maji hayajazibwa na mchanga au nafaka. Iwapo umetandika mpira au plastiki, inua pembe zake. Maji yanayobaki chini ya tandiko hayaonekani, hayakauki upesi, na kutu huanzia hapo. Usipakie unga, mbegu wala saruji kabla sehemu hiyo haijakauka kabisa, maana mfuko mmoja wa saruji uliolowa kitako hugharimu kuliko kitambaa kizuri cha kukaushia.

Keria ya juu, mabomba ya pembeni na ngazi za kukanyagia huwa na nyufa zinazohifadhi maji. Zikausheni, na pale kitambaa kisipofika pulizeni hewa. Turubai lisikunjwe likiwa limelowa, kwa kuwa huota ukungu na kunuka.

Mwisho, kumbuka breki. Baada ya kuosha magurudumu, diski na viatu vya breki huwa vimelowa, na breki iliyolowa huchelewa kushika. Kabla hujaingia barabara kuu, endesha pole mahali salama na ukanyage breki kwa wepesi mara kadhaa hadi uhisi zimeshika sawasawa. Mwendo huo hukung'uta pia maji yaliyobaki, lakini usiupitishe kwenye barabara ya vumbi: vumbi likikutana na unyevu hugeuka tope, na kazi yote hurudi mwanzo.

Madoa yakishakuwepo

Endapo umechelewa na pete nyeupe zimeonekana, fuata ngazi hizi kwa mpangilio, ukiishia pale doa linapotoka.

Kwanza, osha tena kwa shampuu ya gari na ukaushe vyema. Doa la chumvi au la siku ile ile mara nyingi hutoka.

Pili, tumia siki nyeupe. Changanya siki na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa, kitandaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe. Siki ni asidi hafifu inayoyeyusha ukoko wa kalisi, kama inavyofanya ndani ya birika. Kazi hii ifanyike kivulini na juu ya bodi iliyopoa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na usiache mchanganyiko ukauke juu ya gari. Epuka kuutumia kwenye alumini isiyopakwa rangi. Nta iliyokuwapo inaweza kuondoka, hivyo ipake upya.

Tatu, doa likibaki baada ya siki, huenda limekwisha kula tabaka la juu. Polishi laini ya rangi, ikitumiwa kwa mkono na kwa uangalifu, huweza kulifuta kwa kupunguza tabaka hilo kidogo sana. Kwa sababu tabaka lenyewe ni jembamba, polishi si jambo la kila wiki. Doa lenye kishimo kinachohisiwa kwa ukucha lipelekwe kwa fundi rangi.

Vitu vifuatavyo visitumike kabisa: dodoki la chuma, msasa, majivu, sabuni ya kusugulia masufuria, dawa ya kusafishia choo, na asidi ya betri. Mafuta ya taa nayo hayayeyushi madini. Huficha doa kwa mng'ao wa muda, na huharibu mipira ya milango.

Unaponunua bidhaa au huduma

Soko lina chupa nyingi zinazoahidi kwamba gari halitapata doa tena. Nta na dawa za kupulizia husaidia kweli: hufanya maji yateleze na doa lisishike kwa urahisi. Hata hivyo, maji yakikaukia juu ya nta, madini hubaki juu ya nta. Hakuna chupa inayobatilisha haja ya kukausha. Kabla ya kulipa, hakikisha lebo inataja jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, ujazo, namna ya kutumia, tahadhari, na tarehe ya kwisha muda pale inapohusika.

Unapopeleka gari kituoni, fanya mambo manne. Zunguka gari pamoja na mwoshaji kabla ya kazi, mkaone kwa pamoja mikwaruzo iliyopo. Uliza iwapo bei inajumuisha kukausha na kwa kitambaa gani. Tazama kama kitambaa kilichofuta magurudumu ya gari lililotangulia ndicho kinachoelekea kwenye boneti yako, na kama ndivyo, sema bila haya. Dai risiti. Vijana wengi wanaoosha magari hufanya kazi kwa bidii na vifaa duni, na mteja anayekuja na kitambaa chake mwenyewe hulinda gari lake na kumrahisishia kijana kazi.

Huduma ikiharibu rangi, piga picha mara moja, zungumza na msimamizi kwa utulivu, na uandike mliyokubaliana. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Palipo na shaka juu ya ujazo au uzito ulioandikwa kwenye lebo, Wakala wa Vipimo ndio wahusika. Risiti na picha ndizo zitakazokusemea.

Usioshee gari mtoni, ziwani wala bwawani. Mafuta, grisi na sabuni huingia katika maji ambayo wengine huyanywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzilinda kingo za vyanzo vya maji kwa umbali wa mita 60.

Maswali tunayoulizwa

Je, gari jeupe lina haja ya kukaushwa? Ndiyo. Doa halionekani upesi juu ya rangi nyeupe, lakini madini ni yaleyale. Kwenye vioo huonekana vilevile, na usiku, taa za gari linalokuja zikikupiga, utando huo hupunguza uwezo wa dereva kuona.

Mvua ikilinyeshea gari safi? Maji ya mvua yenyewe huacha doa dogo. Madoa ya mvua hutokana zaidi na vumbi lililokuwa juu ya gari. Lisuuze na kulikausha upatapo nafasi.

Sina kitambaa cha maikrofaiba leo. Nifanyeje? Tumia suuzo la kutiririsha, kisha kitambaa cha pamba laini kisicho na mshono wala kifungo, kilichofuliwa na kusuuzwa vyema, ukikibonyeza bila kusugua.

Ya kukumbuka

Osha bodi ikiwa imepoa, kivulini. Tiririsha suuzo la mwisho kutoka juu, kwa maji ya mvua ikiwezekana. Kausha mara moja, ukianza na paa, kwa kitambaa kinene kilicho safi, kwa kubonyeza na kuvuta bila kusugua. Fungua milango ufute maji yaliyojificha, na shusha mlango wa nyuma maji yatoke. Jaribu breki kabla ya safari. Kwa pikapu moja, kukausha namna hii huchukua takriban dakika 20, na hulinda rangi ambayo siku ya kuuza gari itahesabiwa katika bei.